Kompyuta ya Yudith Inavuja

Asubuhi moja Joha, mhudumu wa usafi, alikuwa akipiga deki chumba cha watu wa programu, akaona kwamba kila akikausha chini ya meza ya Yudith panalowa tena. Alikagua kikombe cha chai, kilikuwa kikavu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kompyuta, kwenye vitundu vya pembeni vya kupoozea, tone kwa tone. Alikwenda kuleta ndoo.

"Dada Yudith, mashine yako inavuja."

"Naona," alisema Yudith. "Ndo kwanza nimeanza kusakinisha."

Ofisi yao ilikuwa mtaa wa Ipagala mjini, ghorofani, na kazi yake ilikuwa kutunza programu ya mabomba ya kadi huko vijijini. Mtu anagusisha kadi yake, bomba linafunguka, anakinga ndoo. Bomba la kijijini kwa kina Yudith, ukishaipita Mvumi, lilikuwa limeacha kutambua kadi tangu kiangazi kianze. Kosa lenyewe Yudith alishaliona: mstari mmoja tu wa programu, kosa la kijinga kabisa, limeachwa na mtu aliyehamia kazi nyingine. Kulirekebisha hakukumchukua hata muda wa kumaliza chai. Lakini programu ikirekebishwa lazima iundwe upya kabla ya kutumwa kwenye mabomba, na kompyuta mpya aliyopewa na ofisi haikuwa na zana za kuundia. Kompyuta yake ya nyumbani isingefaa, kwa sababu mabomba hayapokei kitu ila kutoka mashine ya ofisi. Ndiyo maana akaanza kusakinisha zana hizo.

Wakati huo mama yake, Penina, alikuwa amerudia kuchota korongoni, kama alivyofanya bibi yake. Wanafukua mchanga mpaka shimo linamzidi mtu kimo, anashuka mmoja na kibuyu, anasubiri maji yajikusanye. Kuta za mashimo yale si za kuaminika. Kiangazi kilichopita, kabla bomba halijawekwa, zilimfukia mjomba Gerson, wakamtoa ameshakufa. Tangu hapo Yudith alikuwa akiogopa kila simu ya asubuhi.

Mstari wa kijani ulijivuta kwenye kioo mpaka ukafika mwisho, kisha kompyuta ikaomba nenosiri la msimamizi. Msimamizi alikuwa mkurugenzi, Bwana Bartolomayo, ambaye hakumpa mtu yeyote nenosiri lake tangu kijana mmoja asakinishe mchezo wa mpira kwenye mashine ya ofisi. Siku hiyo alikuwa kikaoni. Kompyuta ilisubiri kidogo, ikachoka, ikafuta kila ilichokiweka na kuanza upya. Ndoo nayo ilikuwa imejaa.

Yudith alichovya kidole akaonja. Yalikuwa na chumvi, yale yale aliyokulia, yanayokataa povu la sabuni na kuacha utando mweupe kwenye sufuria. Alimpigia mama yake.

"Mama, shikamoo. Bomba linasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kavu. Ila mita inazunguka. Tumekaa hapa na wenzangu tunaiangalia. Maji yanakwenda, hatujui yanakwenda wapi."

"Yanakuja huku ofisini."

"Aa," alisema Penina. "Basi afadhali yameonekana."

Wiki hiyo mjini kulikuwa na mgao wa maji, na matangi ya ofisi yalikuwa makavu. Bwana Bartolomayo alirudi kutoka kikaoni na vumbi la safari, akanawa uso kwenye ndoo ya Joha, akapangusa shingo, akasema maji mazuri. Yudith alisimama, akamweleza yote kwa heshima. Nenosiri likiwekwa, zana zitakamilika. Zana zikikamilika, bomba la kijijini litafunguka na kompyuta itaacha kuvuja. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. Kwa kusikiliza, hakuwa na mpinzani.

"Kwa hiyo nikiliweka, hapa yatakatika?"

"Hapa yatakatika, bosi. Yatatoka kule."

"Basi tulitazame," alisema.

Mkubwa akisema tulitazame, mwenye akili anatafuta kiti. Yudith alikaa.

Mkurugenzi alimwita Jiten, fundi kutoka duka la kompyuta la mjini, aje kuhakikisha vifaa havitaharibika. Alifungua mashine, akamulika, akafunga. Alisema kompyuta ni nzima, maji yanaingilia kwenye mtandao, na mambo ya mtandao hayamo kwenye dhamana ya duka. Alishauri wafunge mpira wa maji, ndoo zinapoteza mengi. Waliufunga mpira, wakaupitisha dirishani mpaka kwenye tangi. Vyoo vya ofisi vikaanza kunukia dawa, na maua ya getini, yaliyokuwa yamekata tamaa, yakachanua.

Yudith alijaribu kugoma. Alifika asubuhi akakaa mbele ya mashine bila kuanzisha chochote, na maji hayakutoka. Akaenda kula mchana. Aliporudi mstari wa kijani ulikuwa safarini na mpira umevimba.

"Nisamehe, dada," alisema Joha. "Nimeagizwa. Kuna watoto wa bosi wanakuja kuoga."

Kuanza, mtu yeyote aliweza kubonyeza. Kumaliza ndiko kulikokuwa na mwenyewe. Hasira ilimpanda Yudith mpaka machozi yakamtoka, na hakuwa na pa kuipeleka. Joha mwenyewe alikuwa analia.

Siku moja Penina alikuja mjini na dumu tupu. Alipanda ngazi taratibu kwa sababu ya goti, akasimama mlangoni. "Mbukwa," alisalimia kikwao, kisha akakaa pembeni, dumu magotini. Joha alimletea bilauri ya maji. Penina alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akameza.

"Ya kwetu haya."

Bwana Bartolomayo alitoka ofisini kwake. Alikuwa mtu mwenye adabu, akamwamkia mama shikamoo kwa mikono miwili.

"Mama karibu sana. Binti yako tunamtegemea hapa. Maji yapo mengi, jisikie nyumbani."

Aliagiza mpira utolewe tangini, na yeye mwenyewe akashika dumu mpaka likajaa. Penina alimshukuru, akamwombea baraka kwa Mungu yeye na watoto wake. Alishukuru kweli, kwa moyo wote, na hicho ndicho kilichomuumiza Yudith kuliko vyote.

Alimsindikiza mama yake chini, akampakia kwenye bajaji pamoja na dumu.

"Usigombane na mkubwa wako," alisema Penina. "Anaonekana ana huruma."

Yudith alirudi mezani. Mstari ulikuwa umefika mwisho, kisanduku cha nenosiri kinamsubiri. Aliandika jina la mkurugenzi. Likakataliwa. Aliandika jina la mkewe, kisha, kwa kukosa lingine, akaandika jina la mjomba Gerson. Kompyuta ilisubiri kidogo, ikafuta kila kitu, ikaanza upya.

Jioni mama yake alipiga simu.

"Nimefika salama. Dumu tumegawana na majirani, limeisha. Mwanangu, mita inazunguka mbio kuliko siku zote. Kuna nini huko?"

Yudith alichungulia dirishani. Dereva wa mkurugenzi alikuwa amevuta mpira mpaka uani, amekunja suruali.

"Wanaosha gari, mama."

Nyuma ya Penina wanawake walisikika wakiulizana nani anashuka shimoni kesho.

"Haya," alisema. "Likishatakata unibipu, nikajaribu kadi bombani."

Yudith alisema sawa, akabaki dirishani na simu mkononi. Lilikuwa gari kubwa.