Barua Pepe ya Wanjira

Wanjira alikuwa akisomea shahada ya uzamifu ya fizikia katika chuo kikuu kule Nchiru, na msimamizi wake alikuwa Daktari Bundi. Kwa miaka mitatu alichunguza tabaka mbili nyembamba ajabu, kila moja unene wa atomi chache tu. Mwangaza ukizipiga, elektroni huruka na kuacha pengo, kisha elektroni na pengo lile huvutana na kusafiri pamoja kwa muda mfupi mno kabla ya kupotea. Jozi hiyo huitwa eksitoni. Wanjira alikuwa akitafuta kwa kompyuta jozi hizo hudumu kwa muda gani tabaka moja ikizungushwa kidogo juu ya nyingine.

Mwezi wa Machi alipeleka majibu. Yalionyesha kwamba zinadumu karibu mara kumi ya vile Bundi alivyotarajia. Bundi aliyatazama akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa na mkutano. Alisema vipimo vya hesabu, yaani nukta ambazo kompyuta huzipigia hesabu, vimeachana mno, ndiyo maana jibu limekuwa kubwa hivyo. Wanjira akamweleza kwamba alikuwa ameshavisogeza karibu na jibu halikubadilika, na kwamba alimtumia kila kitu kwa barua pepe.

"Ungevisogeza usingeniletea haya," Bundi alisema. "Anza upya. Na ujiulize kama kazi hii unaiweza."

Barua pepe ile hakuifungua.

Wiki iliyofuata Wanjira alirudisha ufunguo wa chumba alichopanga na mwenzake, akaenda kwao Kibugu. Bundi alidhani atarudi baada ya Pasaka. Mvua za Mei zikaja na baridi kali, Wanjira akashikwa na nimonia, na siku ya sita akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kwenye mazishi Bundi alisimama mbele ya waombolezaji akamsifu kwa bidii yake.

Mwezi wa Juni ndipo alipoitafuta barua pepe ile, akitaka tu kuhifadhi kazi ya marehemu. Ilikuwa imetumwa siku mbili kabla ya kikao chao. Ndani yake mlikuwa na majaribio manne, kila moja likiwa na vipimo vya karibu kuliko lililotangulia, na jibu lilikuwa lile lile. Bundi aliyarudia mwenyewe kwa wiki tatu. Jibu halikubadilika.

Alikwenda Kibugu Jumamosi. Mama yake Wanjira, Ruguru, alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai kituoni, kikapu bado kiko mlangoni. Alimkaribisha, akamtilia chai. Bundi alimweleza polepole jinsi Wanjira alivyokuwa sahihi, na jinsi yeye alivyokataa hata kutazama. Akaweka mezani makala aliyoiandaa kwa jina la Wanjira.

Ruguru hakuigusa.

"Yeye alijua?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Alifariki akidhani amekosea."

Ruguru akasema kwamba mwezi wote wa Aprili Wanjira alichuma chai kwenye mvua. Kila alipoambiwa aingie ndani alikataa.

"Alikuwa akiniambia, 'Mami, niache, hii ndiyo kazi ninayoiweza.' Sikujua ametoa wapi maneno hayo."

Bundi alianza kuomba msamaha. Ruguru aliondoa kikombe cha Bundi, ingawa chai haikuwa imekwisha.

"Karatasi iache," alisema. "Wewe usirudi hapa, Mwalimu."

Bundi aliteremka mpaka alipoacha gari, akakaa ndani bila kuliwasha, akalia mpaka shati likalowa kifuani.

Makala ilichapishwa Novemba, jina la Wanjira likiwa la kwanza. Bundi alimpa nakala Carol, aliyekuwa akiishi na Wanjira Nchiru, aipeleke Kibugu. Carol aliporudi alisema mama aliifuta mikono, akaitazama picha ya bintiye kwenye ukurasa wa mwisho, akamwomba amsomee jina kwa sauti. Carol akalisoma. Mama akamwomba arudie.

Bundi aliuliza kama mama alisema neno lolote kumhusu. Carol akasema hapana.