Maziwa ya Mwanatatu

Daktari alilitaja neno kalsiamu mara moja tu, naye Boga akalibeba mpaka nyumbani kwao, mtaa wa Shika Adabu, kama mtu aliyekabidhiwa amana. Mkewe, Mwanatatu, alikuwa ameambiwa kwamba figo zake zimechoka na ndizo zinazompandisha presha. Alipewa vidonge vya kuzuia kalsiamu. Na kalsiamu, Boga alikumbuka tangu shuleni, imo ndani ya maziwa.

Kesho yake alimfungua ng'ombe wao wa pekee, akampeleka kwa ndugu yake aliyeishi kijiji cha Waa.

Mwanatatu hakubisha. Mume aliyemtoa ng'ombe wake kwa ajili yako utamwambia nini? Alizoea chai ya rangi, ingawa mtindi aliukosa. Lakini miguu ilipoanza kuvimba alijiuliza: maziwa yakishatoka nyumbani, kidonge kinazuia nini tena? Akaviacha vile vidonge. Miguu ikanywea, naye akaona amefanya la maana.

Haukupita muda, kichwa kikawa kinamgonga na macho yanaingia ukungu. Boga akamrudisha kliniki.

Daktari yule yule, Eddah, msichana wa Kigiriama mwenye sauti ya chini, alimpima, kisha akampima tena. Mwanatatu alimweleza yote, ya vidonge na ya ng'ombe, Boga akiitazama sakafu.

Eddah hakucheka. Alikunja ngumi.

"Mama, kalsiamu niliyoisema si hiyo ya kikombe. Kuta za mishipa ya damu zina chembe hai ndogo mno. Kalsiamu ikiingia ndani yake, zinajikaza hivi. Figo ikiugua inatoa ishara zinazoingiza kalsiamu hiyo kupita kiasi, basi mshipa unabana na presha inapanda. Presha nayo inazidi kuiumiza figo. Kidonge kinafunga mlango wa zile chembe tu."

"Na maziwa?" Mwanatatu aliuliza.

"Kikombe kidogo unaweza kunywa. Chumvi ndiyo uipunguze."

Kuhusu miguu, alisema uvimbe ule huletwa na dawa yenyewe. Angeipunguza na kuongeza nyingine. Ila siku nyingine Mwanatatu asiache dawa bila kusema.

Njiani Boga alinuia kumfuata ng'ombe.

"Mwache huko," Mwanatatu alisema. "Watoto wa nduguyo wanakunywa maziwa yake. Sisi tutanunua."

Presha ilishuka polepole. Figo hazikurudi kama zamani, na hakuna aliyemwahidi hivyo. Alipokuwa akimeza kidonge asubuhi, Mwanatatu aliwaza jinsi kila mmoja wao alivyoshika neno moja na kuogopa kuuliza la pili.

Kliniki iliyofuata, Boga alianza kuuliza kabla hata ya kuketi.