Ngeli ya Mbonea

Niliota usiku wa jana kwamba kamusi ya Kiingereza inabisha hodi kwenye ofisi ya walimu. Nilikuwa peke yangu, nasahihisha madaftari. Nikaikaribisha. Ikaingia, ikavuta kiti cha mwalimu wa zamu, ikaketi.

Kabla sijaendelea, nieleze yaliyotokea jana yenyewe. Mimi ni Nakijwa, nafundisha Kiingereza katika sekondari moja hapa Same. Kidato cha tatu tulikuwa tunasoma hadithi, tukakuta neno phantasm, ambalo wanafunzi wangu walilitamka fantazma. Msichana wa dawati la mbele akauliza maana yake. Nikamwambia ni kitu ambacho mtu anakiona mbele yake, kina sura, pengine hata kinaongea, lakini hakipo. Akaomba nimtungie sentensi. Nikashika chaki, sentensi haikuja. Nikawaambia wasome kimya kimya mpaka kengele.

Mdogo wangu Mbonea aliingia kwenye shimo la machimbo ya vito miaka mitatu iliyopita, mvua ikalijaza. Wenzake tisa walitolewa. Yeye hakutoka, si mzima si maiti. Sasa baba mkubwa ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi hii. Anataka tuzike mgomba badala ya mwili, msiba uishe. Mama hataki. Kila jioni anambakishia Mbonea chakula kwenye bakuli, anakifunika, asubuhi anawamwagia kuku.

Basi, kamusi ikaniambia imekuja kwa ajili ya lile neno nililoshindwa kulitungia sentensi. Neno lilitaka kuingia kwenye Kiswahili, lakini halikuwa na ngeli, na neno lisilo na ngeli haliruhusiwi kupita mlangoni. Lilikuwa limesimama nje tangu asubuhi.

Nikasema, basi mwambie aingie, kama yupo.

"Usiseme yupo," kamusi ikasema. "Hilo ndilo lililonileta. Ni yupo au ipo?"

Nikauliza wengine huwa wanapangwaje. Ikanieleza kwamba malaika amepewa yupo, na shetani amepewa yupo, ingawa hakuna aliyewaona. Picha ya mtu imenyimwa, ingawa kila anayeingia sebuleni anaiona. Wanaoamua ni wenye lugha, na mwenye lugha wa zamu leo ni mimi. Kazi yangu ni kutunga sentensi moja tu. Niwe mwangalifu, kwa sababu sentensi nitakayoitunga itakuwa kweli. Kamusi haiandiki mifano ya uongo.

Nafungua mlango. Uwanja wa shule haupo. Kuna jiko la mama kule Gonja, na mama anakoroga makande. Mbonea ameketi kwenye kigoda, tochi ya kichwani iko kwenye paji la uso, maji yanamchuruzika kutoka kwenye mikono ya shati. Mama hashangai. Anamwambia avue viatu asimjazie tope ndani. Mbonea anasema havivuliki.

Akaniamkia, nikaitikia. Nikamuuliza alikuwa wapi miaka yote hii. Akaitazama kamusi kama mtu anayesubiri ruhusa. Kamusi ikasema kwamba mpaka ngeli ijulikane, hapo hapajawa na mtu wa kujibu.

Tochi ndiyo iliyojibu.

"Mimi betri yangu iliisha siku ya pili," ikasema. "Baada ya hapo sikuona. Nilisikia tu."

Sisi tulikuwa tumemwambia mama kwamba maji yalikuja mara moja, kwamba Mbonea hakupata hata nafasi ya kuogopa. Nikamtazama mama. Alikuwa anaongeza maji kwenye chungu kilichojaa. Hakuiuliza tochi ilisikia nini. Na mimi sikuuliza.

"Wewe ndiye uliyesoma," mama akasema bila kugeuka. "Sema yupo, tule."

Nikafungua kinywa ili niseme. Kamusi ikanyanyua ukurasa mmoja kunizuia. Ikasema ni haki yangu, lakini nikumbuke kwamba aliyepo lazima awepo mahali. Nikisema Mbonea yupo, hatakuwepo jikoni. Atakuwepo pale alipo.

Sakafu ya jiko inashuka. Inashuka taratibu, nasi tumo, mama na chungu chake, kamusi na kiti chake, hadi maji yananifika kifuani na moto unazimika. Giza. Mtu anagonga jiwe kwa jiwe. Anagonga mara tatu, anapumzika, anagonga mara tatu. Nagundua kwamba hata kule juu nilikuwa nausikia mlio huu, nikadhani ni mwiko wa mama unagusa chungu.

Nikaiuliza kamusi ameanza kugonga lini.

"Alishanyamaza," kamusi ikasema. "Alianza tena siku mama yako alipokataa mgomba, akasema yupo. Hajapumzika tangu hapo, ila hivyo unavyosikia."

Nilisikia mama akivuta pumzi upande wangu wa kushoto. Kisha nikaisikia sauti ya Mbonea, karibu sana, sauti ile aliyokuwa nayo akitoka shambani akiwa mdogo.

"Dada," akasema, "nimechoka kuwepo."

Maji yalikuwa baridi na hakuna aliyeniharakisha. Nilijaribu kutafuta neno la katikati, ngeli ambayo mtu anaweza kuwekwa akapumzika bila kuwa kitu. Kiswahili nakifahamu tangu utotoni na sikuiona. Nikatunga sentensi. Nikasema: Jikoni kwa mama palikuwa na fantazma. Imeondoka.

Jiwe liligonga mara ya kwanza, likagonga mara ya pili. Nikasubiri mara ya tatu.

Tukawa jikoni tena. Kigoda kilikuwa kitupu. Kamusi ilikuwa inaandika, ikanishukuru, ikaniuliza kuhusu wingi. Nikasema wingi haupo, alikuwa mmoja tu.

"Ilikuwa moja," ikanisahihisha.

Mama akaweka mwiko chini. Akanitazama tangu miguuni mpaka kichwani, polepole, kama anayekagua mzigo ulioletwa nyumba isiyo yake. Halafu akaigeukia kamusi.

"Na hii iliyosimama mlangoni," akauliza, "imefuata nini?"

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilioga, nikaenda shuleni, nikafundisha kidato cha kwanza vitenzi na sikumbuki ni vitenzi gani.

Saa nne mama akapiga simu. Si kawaida yake kupiga saa za kazi. Akasema nimwambie baba mkubwa akate mgomba Jumamosi, yeye hatabisha tena. Nikamuuliza kumetokea nini. Akasema hakuna kilichotokea. Akaniuliza kama nimekunywa chai, nikasema nimekunywa. Nikadhani amekata, lakini nilisikia kuku kwa mbali, na nilimsikia anapumua.

"Kigoda cha jikoni nimekikuta kimeloa chapachapa," akasema. "Mvua haijanyesha huku. Nimekianika juani tangu alfajiri, Nakijwa. Hakikauki."