Wimbo Nilioubeba Mgongoni

Usiku wa jana niliota nimesimama mlangoni mwa ukumbi wa harusi yangu, nakagua kadi za mwaliko za nyimbo.

Harusi yenyewe ni Jumamosi. DJ alikuwa ametuomba orodha ya nyimbo tusizotaka zipigwe, nami nilikuwa nimelala na karatasi hiyo chini ya mto, ina nyimbo nane. Wa tisa niliogopa kuuandika. Shangazi Tusekile alishasema ule lazima upigwe, na Shangazi akisema jambo, mimi huangalia vidole vyangu vya miguu.

Ndotoni nyimbo zilikuja kwa miguu, zikapanga foleni kwa adabu. Wa kwanza ulikuwa wimbo wa matusi, umevaa suti. Nikauonyesha jina lake kwenye orodha.

"Hata ubeti mmoja?" uliuliza.

"Hata kiitikio."

Ukashukuru, ukaenda kusimama kwenye mvua. Wa pili ulikuwa wimbo wa mtu aliyeachwa. Ulisema umefuata pilau tu. Nikaupakulia sahani, ukala huku unalia, ukaondoka.

Nilipofika kwa wa nane nikasikia muziki ndani. Namba tisa tayari ulikuwa unapigwa.

"Nani kauingiza?" nikamuuliza mlinzi, ambaye alikuwa kabati la vyombo.

"Ule hauulizwi kadi," kabati likajibu. "Ule ni mwenyeji."

Naingia. Ukumbi ni sebule yetu, halafu ni ukumbi tena, na zulia jekundu limetandikwa mpaka usipoonekana mwisho wake. Katikati yake Mama amepiga magoti. Amevaa shela lake la mwaka tisini na nne, ameshika sahani ya keki iliyokauka kama tofali.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nawalisha keki wakwe."

"Wakwe zako walishafariki, Mama."

"Najua. Lakini wimbo haujaisha."

Wimbo huo unaitwa "Goti Chini, Mwari". Kwenye ukoo wetu hupigwa bibi harusi anapopiga magoti kuwalisha keki wakwe zake, na haruhusiwi kuinuka mpaka uishe. Unamwambia ashushe macho, na lolote atakaloliona ndani ya nyumba alimeze. Ndotoni nikafahamu kwamba kila shangazi alikuwa ameongeza ubeti wake, kwa hiyo haukuwahi kuisha.

Pembeni ya Mama palikuwa na karai la unga, pasi ya mkaa, na sare yangu ya darasa la tatu iliyonyooshwa upande mmoja. Kumbe alinilea akiwa vilevile, amepiga magoti. Miaka yote hiyo nilidhani Mama ni mfupi.

Nikaenda kwa DJ. Kichwa chake kilikuwa spika.

"Naomba uuzime huo."

"Hapa wimbo hauzimwi," alisema. "Aliyeukataa anautoa nje mwenyewe. Mgongoni."

Shangazi Tusekile akachomoza katikati ya keki kubwa, kuanzia kiunoni kwenda juu, na mkoba wake kwapani.

"Subilaga. Wewe? Wewe unayeshindwa hata kuomba chumvi kwa jirani?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Mimi niliupigia magoti. Mama yako huyo hapo. Wewe magoti yako ya dhahabu?"

"Ni ya kawaida tu, Shangazi. Nayatumia kutembelea."

Sauti ilikuwa yangu. Niligeuka nyuma kuhakikisha.

Wimbo ukashuka kutoka kwenye spika. Ulikuwa na umbo la gunia la mchele, umefungwa kitenge, unanukia naftalini. Nikaufunga mgongoni kama mtoto, nikaanza kwenda. Tatizo la wimbo huo ni kwamba ni mtamu. Uliniimbia sikioni taratibu, na kila ubeti uliongeza kilo tano.

"Bila mimi," ulisema, "nani atakufundisha kunyamaza?"

"Hilo somo nilishafaulu. Nina cheti."

Zulia linageuka kuwa chumba cha mtihani pale chuoni. Msimamizi anagonga meza. "Hairuhusiwi kuongea humu."

"Naongea," nasema, napita.

Mlangoni kabati likasogea pembeni lenyewe, vikombe vikigongana. Nikautua wimbo kwenye mvua, polepole, maana sipendi kutupa vitu, nikaufungulia mwavuli.

"Sijawahi kukosa harusi ya ukoo huu," ulisema.

"Ya Jumamosi utaikosa."

Ndani pakawa kimya. Mama akaweka sahani chini. Akainua mguu mmoja, akasubiri, akainua wa pili. Akaendelea kuinuka. Akanipita mimi kimo, akaupita mlango, kichwa kikafika kwenye taa.

"Kumbe huku juu kuna vumbi hivi," alisema, akaanza kupangusa kwa shela.

Nikaamshwa na harufu ya chai. Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikombe, kwa urefu wake wa siku zote.

"DJ kapiga simu. Anataka karatasi yake saa tatu."

Nikaitoa chini ya mto. Nyimbo nane, na mstari wa tisa mtupu.

"Mgongo vipi?" Mama aliuliza.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za mgongo. Lakini ulikuwa unauma kweli.

"Unauma kidogo."

"Utapoa," alisema, akanipa kalamu.

Nikaandika jina lote, kwa herufi kubwa. Wino ulikuwa haujakauka tulipomsikia Shangazi Tusekile uani, anamalizia kusalimia kuku.

"Subilaga! Wimbo wetu umeuweka?"

Nikaenda mlangoni. Nilimtazama usoni. Ana kidoti kidogo juu ya mdomo, sikuwahi kukiona.

"Shikamoo, Shangazi. Hautapigwa."

"Unasemaje?"

"Hautapigwa, wifi," Mama alijibu nyuma yangu. "Tumeutoa."

Nikageuka. Nyumba yetu ni sakafu ya saruji, hatujawahi kuwa na zulia. Lakini kwenye khanga ya Mama, usawa wa magoti yote mawili, zilikuwa zimenasa nyuzi nyekundu, naye alikuwa anazikung'uta kwa kiganja bila haraka.