Mtoto Hahesabiwi

Mzee Mughwai hakuwa mwongo. Nasema mapema, maana nilikuwa jirani yake na hasira yangu isije ikaniponza. Aliishika tu mila ya wazee wetu huku Mtinko: mtoto hahesabiwi. Ukiwataja mmoja mmoja, unakionyesha kifo pa kuanzia.

Mwaka themanini na nane karani wa sensa alipofika, mzee alimpa kigoda, akaitikia shikamoo yake, akajibu kila swali vizuri. Alipoulizwa watoto wa nyumba ile, akasema, "Wapo, wawili watatu." Karani akaandika watatu. Walikuwa tisa, wengi wao machungani. Severina, mkamwana wake, alikuwa jikoni na Stumai mgongoni. Alisikia yote, lakini mkamwana gani humsahihisha baba mkwe mbele ya mgeni? Akaendelea kusonga ugali. Na sisi majirani tusijifanye wema. Nyumba kwa nyumba tulijibu vilevile, tena tukamcheka karani alipoondoka.

Mwaka uliofuata surua iliingia. Zilikuwa siku za ruksa ya biashara, dukani kwa Paskali ukipata sabuni za kila rangi na mashati ya mitumba. Chanjo haikuuzwa dukani. Ililetwa na muuguzi Febronia ndani ya kisanduku cha barafu, kwa idadi ya watoto waliosomeka kwenye sensa. Serikali nayo hupika kwa idadi ya wageni iliyoambiwa. Dawa ikaisha asubuhi, foleni bado imezunguka shule, na Severina hajafika hata mlangoni.

Mzee Mughwai, aliyewasindikiza, alimwendea muuguzi kwa ukali.

"Binti yangu, mbona mmeleta kidogo hivi? Hamjui tuna watoto wengi?"

"Tungejuaje, mzee?" Febronia alisema. Alikuwa karibu kulia. "Nimeomba nyongeza. Wameniambia hao wengine hawapo."

Nyongeza ilikuja mvua zikiwa zimeanza. Stumai alikuwa ameshaugua. Surua ilimwachia uhai, ikaondoka na macho yake. Inaniuma mpaka leo.

Sensa nyingine ilikuja mwaka elfu mbili na mbili. Karani, kijana mpole, alikaa uani, na mzee akajikohoza ili ajibu. Severina akatoka jikoni, akasimama mbele yake.

"Baba, leo nyamaza."

Sikuwa nimewahi kusikia mkamwana akisema hivyo, wala sikuona ubaya. Akawataja watoto wote kwa majina. Alipofika kwa Stumai, karani akauliza kama ana ulemavu.

"Haoni," Severina alisema. "Andika na sababu."

Kijana akaigeuza karatasi huku na huku. "Mama, hapa hawaulizi sababu."

"Basi muulize huyu."

Mzee Mughwai akainamisha kichwa. Kalamu ya karani ikasimama. Stumai, aliyekaa na mgongo ukutani, akageuza uso huku na kule akitafuta sauti, kisha akauliza kama mgeni ameshaondoka.