Cheti cha Papa Harun

Orodha ilikuwa mikononi mwa Mujinga. Ofisi yao ndogo ya Saint-Gilles iliandaa maombi ya vibali vya kukaa kwa wataalamu kutoka nje, na wafanyakazi wake watatu hawakuweza kukamilisha zaidi ya mafaili sita kwa wiki. Yaliyosubiri hayakupungua arobaini. Kanuni ilikuwa wazi: ambaye kibali chake kinakaribia kuisha hutangulia, na faili lenye upungufu hurudi mwisho. Mujinga mwenyewe ndiye aliyeiandika, na kwa miaka minne hakuwahi kumpendelea mtu.

Mwezi wa tatu mdogo wake Guylain, mhandisi wa umeme, alimvizia dada yake mlangoni wakati wa chakula cha mchana, akihofia kwamba mwajiri wake angemchukua mwingine.

"Yaya, patron anasema kama dossier yangu haiingie hii semaine, atakamata muntu ingine."

"Uko numéro vingt-deux, Guylain. Kuko batu mbele yako."

"Njo vile unasema kwa mutoto ya mama yako?"

Mujinga alimwacha pale mlangoni. Alirudi mezani, akafungua orodha ya wiki. Guylain alikuwa mbali, wa ishirini na mbili; wa sita, wa mwisho kwa wiki ile, alikuwa Harun, fundi wa maabara kutoka Tanga, anayefanya kazi hospitalini huko Jette. Cheti chake cha afya, karatasi ya mwisho iliyokosekana, kilikuwa kimeletwa na posta asubuhi ile. Mujinga alikishika, akautazama muhuri wake, kisha akakiingiza kwenye droo, chini ya majani ya chai. Katika kompyuta akaandika: cheti cha afya hakijafika. Faili la Harun likaenda mwisho wa foleni. La Guylain likawa la sita, mahali pa lile la Harun. Haikumchukua hata dakika moja.

Siku mbili baadaye Harun alipiga simu.

"Dada Mujinga, kile cheti nilikituma kwa posta."

"Hatukione, papa," Mujinga alimwita kwa heshima ya kwao. "Utume ingine."

"Basi huenda nilikosea anwani. Samahani sana kwa usumbufu."

Mujinga alikata simu, akaenda chooni, akakaa humo hadi Rolande, mwenzake wa ofisini, alipokuja kugonga mlango.

Harun alitafuta cheti kingine. Zamu yake ilipofika, mwezi wa tano ulikuwa ukingoni. Kibali chake cha zamani kiliisha, akapewa karatasi ya muda: ilimruhusu kukaa na kufanya kazi, lakini akivuka mpaka hawezi kurudi. Kibali kipya kilitoka mwezi wa nane, na siku alipokipata akaja ofisini na boksi la halua.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Hii ni ya harusi ya Yasmina, binti yangu wa kwanza. Mgeni kaileta juzi kutoka Tanga."

"Harusi ilikuwa lini?" Mujinga aliuliza.

"Mwezi wa sita. Sikwenda, ile karatasi hairuhusu. Mdogo wangu Karimu ndiye aliyemwozesha kwa niaba yangu. Mimi nilisikiliza kwa simu kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Shekhe alipotaja jina langu, mtandao ukakatika." Alicheka kidogo, akatazama chini.

Rolande alikuwa tayari anatafuna na kusifia. "Mujinga, kula basi!"

Kipande kilikuwa kwenye vidole vyake, kinamnata. Harun akaaga, akashuka ngazi, na Mujinga akamfuata hadi kituo cha tramu, halua bado mkononi.

"Papa Harun. Cheti yako ilifika. Ile ya kwanza. Niliifichaka mu droo, juu ndugu yangu apite mbele."

Harun alimtazama kana kwamba hajamwelewa. Tramu ilikuja, ikafungua milango, ikaondoka.

"Miezi yote hii nimemwambia mke wangu kwamba nilikosea anwani," alisema hatimaye. "Binti yangu alilia. Kisha akanisamehe. Amenisamehe kosa ambalo sikulifanya. Sasa nimwambie nini?"

"Umuambie jina yangu."

"Jina lako litamsaidia nini?"

Akaondoka kwa miguu, bila kuaga.

Mujinga alirudi ofisini na kumweleza bosi wake, Madame Anaïs, kila kitu, amesimama. Madame Anaïs hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimnyang'anya orodha akampa Rolande, akamwandikia Harun barua ya kuomba radhi. Mujinga akabaki kunakili makaratasi. Rolande sasa hugeuza skrini yake Mujinga anapopita.

Guylain alipopata habari alimjia juu: "Sasa mu kazi yangu batanionaje?" Tangu siku hiyo hampigii simu.

Jumapili moja, nyumbani kwake Schaerbeek, Mujinga alimwandikia Yasmina barua. Aliiandika mara nne, akijitahidi kukitumia Kiswahili cha kwao Yasmina, asije akaonekana anamdharau. Aliituma kwa Harun, hospitalini. Jibu la Harun lilikuja kwa ujumbe wa simu baada ya wiki tatu, Mujinga akiwa ndani ya tramu:

"Nimeisoma. Sijaamua kama nitampa."

Aliusoma ujumbe huo hadi akapitiliza kituo chake, akashuka kinachofuata na kurudi kwa miguu.