Sponji Iliyolowa

Mativo alikiminya kipande cha sponji, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kukiminya, akiomba awe amekosea. Kipande kilikatwa kutoka godoro la mtoto, na kazi ya Mativo kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa kubana kipande kama hicho ndani ya kasha la chuma lenye dirisha la kioo, kukiwasha ncha, kuondoa moto, kisha kubonyeza saa. Moto ukizimika kabla ya mstari wa pili uliochorwa kwenye kipande, godoro limefaulu. Ukivuka, halifai kulaliwa na binadamu.

Sheria ya maabara ilikuwa kila kipande kikaushwe siku nzima kabla ya kuchomwa. Sponji yenye maji itashikaje moto? Lakini vipande vya kiwanda kilichotengeneza godoro hili vilifika kila mara vimelowa chepechepe, vimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, na majibu yakitakiwa kabla ya saa sita mchana.

"Mzee, hizi zina maji," alimwambia Munene, mkuu wa maabara, aliyekuwa amesimama mlangoni na fomu mkononi.

"Zilinyeshewa."

"Mwezi wa pili, mzee, na jua hili?"

Munene alimtazama kwa upole, ule upole wa mtu asiye na haja ya kupaza sauti. "Mativo, hii fomu ina mahali pa kuandika maji?"

"Hapana, mzee."

"Basi mambo ya maji unaniletea ya nini? Pima vile imekuja. Andika kile umeona." Akageuka kwenda zake, kisha akarudisha kichwa. "Na by the way, wakubwa wanataka majina ya watu wa kupunguzwa kazi. By Friday. Mimi nimewaambia watu wangu ni wa kuaminika. Ama nimewadanganya?"

"Hapana, mzee."

Alipima. Moto ulichechemea, ukatoa moshi mweupe, ukafa kabla hata ya mstari wa kwanza. Akaandika sekunde nne, akatia sahihi, akapiga mhuri. Hakuandika uongo hata nukta moja, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Mwizi angalau anajua ameiba.

Siku mbili baadaye, Munene akiwa mkutanoni, Mativo alikausha kipande kilichobaki, akakichoma peke yake. Moto ulivuka mistari yote miwili kabla kidole chake hakijatulia juu ya saa. Sponji iliyoyeyuka ikadondoka matone, na matone yenyewe yakaendelea kuwaka chini ya kasha. Moshi mweusi ukaziba kioo. Alikifuta kile kioo mpaka kikang'aa, akajitia hamnazo. Funika kombe mwanaharamu apite. Ijumaa ilipofika, jina lake halikuwa kwenye orodha.

Mwezi wa tatu dada yake mdogo, Wayua, aliyekuwa na nasari kule Huruma, alimpata kanisani akamwambia aje aone magodoro mapya ya watoto, ya kiwanda kile kile. Mativo hakulala vizuri tangu Jumapili hiyo. Jumanne aliomba ruhusa ya kwenda kliniki, akatembea kutoka kwake mtaa wa Jericho, na njia nzima alikuwa akilifanyia mazoezi neno moja: yaondoe.

Nasari ilikuwa chumba kimoja cha mbao na mabati, chenye mlango mmoja. Kando ya mlango, juu ya kreti ya soda, stovu ya mafuta taa ilikuwa ikichemsha uji. Watoto kumi na wanane walikuwa wamelala sakafuni, kila mmoja na godoro lake, wamebanana.

"Karibu, Baba Mwelu!" Wayua alimwita kwa jina la kifungua mimba wa Mativo, kama ilivyo heshima. Alinyanyua pembe ya godoro moja amwonyeshe karatasi iliyobandikwa. "Si huu ni mhuri wa kwenu? Pale dukani walitaka kunipa zile hazina karatasi. Nikawaambia, mimi ndugu yangu ndiye hupima. Siwezi kulaza watoto wa wenyewe kwa takataka."

Mativo aligeuka kutazama mlangoni. "Wayua, hiyo stovu, huwezi kuipeleka nje?"

"Na hili vumbi? Watoto wanywe mchanga?" Alicheka. "Hata kuna mama wa hapa, Jacky, alikuwa anaiogopa. Nikamwambia, wewe tulia, haya magodoro hayashiki moto. Ndugu yangu ameyachoma na mkono wake." Kisha akamkazia macho. "Ama haya yako na shida?"

Hapo ndipo neno lilipotakiwa. Aliona nyumba yake ya Jericho, aliona ile orodha ambayo ingeweza kuandikwa tena Ijumaa yoyote.

"Hapana," alisema. "Nauliza tu."

Pembeni mtoto mmoja aliamka, akasimama ameshika sketi yake kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yameenea katikati ya godoro lake.

"Nduta! Tena!" Wayua alimaka. "Na mbele ya mgeni! Huoni haya?"

Mtoto alianza kulia bila sauti, ameinamisha uso. Mativo alichuchumaa, akaligusa godoro. Lilikuwa limelowa hadi chini. Katika yote kumi na manane, hili peke yake lingefaulu.

"Usilie," alimwambia Nduta. Hakuweza kumtazama usoni.

Wayua alikuwa ameshalinyanyua godoro upande mmoja na kuanza kuliburuta kuelekea mlangoni, kwenye joto la stovu.

"Hapa litakauka haraka," alisema. "Baba Mwelu, hebu nishikie huo upande mwingine."

Mativo akaushika.